Bia ya Joash

Jumatatu, 17 Machi

Tumerudi nyumbani leo. Joash amekonda hadi saa yake inateleza mkononi kama bangili. Kabla hatujaondoka hospitalini kule Kisii, Daktari Linda alitukalisha sote wawili, akafunga mlango, akasema kongosho la mume wangu limeharibiwa na pombe, na kwamba safari hii ametoka kwa bahati. Akinywa tena, asitarajie kutoka kwa miguu yake. Hakupaza sauti. Alimtazama Joash, kisha akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikifungua chupa.

Kiwanda cha chai anakoendesha lori nacho kimempa likizo ya ugonjwa hadi mwisho wa Juni. Hatapewa ufunguo wa lori la majani chai mpaka daktari aandike kwamba amepona.

Tulipofika akaketi barazani, akatazama chai yetu ilivyonyauka kwa kiangazi, akaniuliza, "Sasa jioni nitakuwa nikishika nini?"

Nikamwambia ashike kikombe cha chai. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Joash hasemi kitu.

Ijumaa, 21 Machi

Leo amesema, na heri angenyamaza. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare za shule, kazi niliyoileta nyumbani ili nimwangalie. Akaniambia kila mtu anadhani anatamani kulewa. Hatamani kulewa. Anachotamani ni bia yenyewe: ule ubaridi, ule uchungu unaoondoa vumbi la barabara kooni, lile povu. Tena mtu aliye na chupa mkononi haulizwi kwa nini ameketi. Alisema anajijua. Akinyimwa yote hayo kwa pamoja, atavumilia mwezi mmoja, kisha atajikuta kwa Onyiego. Onyiego ndiye mwenye baa pale sokoni Nyaramba, hatua chache kutoka kibanda changu cha kushonea.

"Nitafutie bia isiyo na kileo," akasema. "Nasikia zipo."

Nikamwuliza kwa nini asiitafute mwenyewe. Akasema akiingia duka la pombe peke yake hajui atatoka na nini. Mimi niliyelelewa katika nyumba ya Waadventista ambayo hata neno bia halikutajwa mezani, mimi ninayefundisha darasa la watoto kila Sabato, ndiye ninayetumwa bia.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimpigia Daktari Linda kwanza. Akasema kama ni shauri lake, Joash asiguse hata kitu kinachofanana na bia, kwa sababu ulimi hausahau upesi. Lakini kama ni hiyo au baa, basi afadhali hiyo, mradi lebo iseme sifuri kabisa.

Nikaenda Kisii. Katika supamaketi nilizunguka rafu za sabuni mara nyingi hadi mlinzi akaanza kunifuata. Hatimaye nikamwuliza msichana wa pale, kwa sauti ya chini, zilipo bia zisizo na kileo. Akaita mwenzake kutoka upande wa pili kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye nyama waliisikia. Nikachukua chupa za kinywaji cha kimea chenye picha ya nanasi. Picha ya nanasi ilinituliza moyo. Nilijiambia hata Mzee wa kanisa akinikuta nayo, ni nanasi.

Joash alikunywa mkupuo mmoja, akaiweka chini. Akasema hiyo ni soda ya siku ya kuzaliwa ya mtoto.

Alhamisi, 27 Machi

Nimejaribu ya tufaha. Amempa mamake.

Jumapili, 30 Machi

Mama Bitutu, mama mkwe wangu, ana nyumba yake upande wa chini wa boma, jikoni mwake hamzimi moto. Leo alikuja kunishukuru kwa ile ya tufaha, akasema ni tamu lakini haina kazi. Nilimweleza tena alichosema daktari. Alitikisa kichwa polepole. Marehemu mumewe alikufa kwa pombe kali ya chang'aa, kwa hiyo hahitaji kuelezwa. Alinishika mkono akasema nisimchoshe kijana wake kwa sukari, atapata ugonjwa mwingine.

Joash ana miaka arobaini na tisa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekasirika leo mpaka mishono yote imekwenda upande.

Wiki iliyopita nilipata mikebe ya buluu katika duka moja la pombe mjini. Muuzaji aliniapia kwamba haina kileo, akanionyesha neno kubwa mbele. Joash alionja akasema angalau hii imeshawahi kukutana na bia. Nilifurahi. Alikunywa mmoja kila jioni. Leo nilikuwa nafagia baraza, nikaokota mkebe mtupu, nikausoma mgongoni, kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Ndani yake mna kileo, nusu ya asilimia moja.

Nilipiga simu hospitalini huku nikilia. Daktari Linda akanituliza, akasema hicho ni kidogo sana, lakini kwa Joash hataki hata kidogo sana. Niimwage. Niliimwaga nyuma ya choo, mvua ikinipiga, na Joash amesimama mlangoni akitazama kila mkebe ukiisha.

"Hiyo ndiyo ilikuwa nzuri kidogo," akasema.

Nilitamani kumtupia mkebe. Mimi ndiye ninayetembea kwenye maduka ya walevi nikisoma migongo ya mikebe, na yeye ananiambia ilikuwa nzuri kidogo.

Jumapili, 13 Aprili

Nilijua itafika. Juzi Ijumaa, nikitoka lile duka la mjini nilikokwenda kurudisha mikebe miwili niliyoisahau kabatini, muuzaji akaikataa, nilikutana uso kwa uso na Dada Gladys, shemasi wetu. Alikuwa anafungua mlango wa gari lake. Tulisalimiana. Macho yake yalishuka kwenye mfuko wangu, yakapanda, naye akaniuliza hali ya mgonjwa kwa upole mwingi. Nilianza kueleza, lakini maelezo yangu yalisikika kama ya mtu mwenye hatia, nikayaacha katikati.

Jana kanisani kila niliyemsalimu alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida.

Jumatano, 16 Aprili

Mzee Okemwa amekuja. Ndiye mzee wa kanisa letu, mtu mpole, mkulima wa ndizi, sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Alikaa, akaomba kwa ajili ya Joash, akanywa chai, akasifu mvua. Kisha akasema limemfikia jambo. Nilimweleza yote bila kuficha. Alisikiliza. Akasema anaelewa, na Mungu anaelewa, lakini mtoto wa darasa la Sabato haelewi lebo. Mtoto anaona mwalimu wake ana chupa ya bia. Akaniomba nipumzike kidogo, mpaka mambo yatulie.

"Dada Mokeira, hatukutoi," alisema. "Tunakupumzisha."

Nilimsindikiza hadi barabarani na mwavuli. Hata nilimshukuru. Njiani nikirudi ndipo hasira ilipokuja, nikaipeleka kwa Joash, maana ndiye aliyekuwa karibu. Nilimwambia amekwisha kunipokonya usingizi, sasa amenipokonya na watoto wangu wa Sabato. Akasema hakuniomba nifundishe.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Barabara ya kiwandani imekatika, lori la majani halikufika kituoni ambako wakulima hupima chai. Joash alisimama kwenye ua akilisikiliza likinguruma kwa mbali, akasema dereva aliyechukua nafasi yake hajui kubadilisha gia kwenye matope.

Jumapili, 27 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mchana, mteja wangu mmoja aliyekuja kuchukua sketi aliniambia kwamba amemwona Baba Kemunto, ndivyo wanavyomwita Joash kwa jina la binti yetu, kwa Onyiego, anatazama mpira na chupa mbele yake. Nilitoka na futi ya kupimia shingoni. Sijawahi kuingia baa. Nilidhani mtakuwa na giza, kumbe mna dirisha kubwa na kalenda ya kampuni ya mbegu.

Joash alikuwa ameketi na wanaume wengine watatu. Mbele yake palikuwa na chupa ya kijani na gilasi iliyojaa nusu, povu limeshikilia kandoni. Ilikuwa na rangi ya bia na harufu ya bia. Sikusalimu mtu. Nikaichukua ile gilasi, nikanywa hadi chini.

Onyiego alipunguza sauti ya televisheni. Kila mtu alikuwa akinitazama, akingoja niseme. Mimi nilisimama pale na uchungu ule ulimini, uchungu kama wa majani yaliyochemshwa na kusahaulika, ndipo nikatambua kwamba sijui. Sijawahi kuonja bia ya kweli. Ningejuaje kama hii ndiyo au siyo? Nilingoja kizunguzungu. Hakikuja, lakini huenda huchelewa.

Joash aliongea taratibu. "Sasa umejua?"

"Nimejua," nikasema.

Nilikuwa nadanganya, na nadhani aliona. Onyiego alitoka nyuma ya kaunta, akanionyesha chupa. Sifuri kabisa, mbele na mgongoni. Akaniambia Joash alimwomba amtafutie bia ya kawaida isiyo na kileo, isiyo na nanasi wala tufaha, naye akapata kreti moja kwa muuzaji wa jumla kule Suneka. Alikuwa amekasirika. Alisema katika baa yake hakuna atakayemuuzia Joash kitu kingine, na kwamba yeye pia alikwenda kumwona hospitalini.

Ningepaswa kuomba radhi. Badala yake nilimwambia Joash atangulie nyumbani. Usiku kucha sitaacha kufikiria ile gilasi. Ikiwa mimi siwezi kuzitofautisha kwa macho, wala kwa pua, wala kwa ulimi, basi siku watakapombadilishia nitajuaje? Kwa hivyo nimemwambia: hakuna tena. Si mkebe wala chupa, si hapa wala kwa Onyiego. Yamekwisha.

Alinijibu kitu ambacho bado kinaniwasha. "Ulikuwa ukininunulia zile ambazo si bia kwa sababu wewe ndiye uliyeona haya. Nimepata iliyo bia, unaninyima kwa sababu wewe ndiye unayeogopa. Ninaumwa mimi, lakini kila kitu ni wewe."

Jumapili, 4 Mei

Joash anashinda kwa mamake. Angalau si baa.

Alhamisi, 8 Mei

Mama Bitutu amepata suluhisho, na nimebaki nikijiuliza kwa nini sikulifikiria. Anaotesha nafaka ya wimbi, anaikausha, anaisaga, anapika kinywaji chepesi cha kimea kama uji, anakiacha kipoe. Kina utamu wa mbali na ukakasi kidogo. Leo alinipa kikombe, nikanywa bila wasiwasi, kimetoka motoni asubuhi hiyohiyo. Joash alikuwa ameshika kibuyu kidogo kwa mikono miwili na uso wake umefunguka. Alisema hiki kinajua kwao.

Nilirudi kibandani nikiwa mwepesi. Nilikuwa na wivu kidogo pia. Mimi nimezunguka Kisii nzima, naye amelimaliza jambo akiwa ameketi kwenye kigoda.

Jumatano, 14 Mei

Baridi na mvua siku nzima. Nimeshona sare za shule mbili. Joash amepiga kiraka paa la banda la kuku bila kuombwa.

Jumapili, 18 Mei

Jana nilikaa kiti cha nyuma kanisani, watoto wakanipungia mikono kutoka darasani. Dada Gladys ndiye anayewafundisha sasa. Anawasomea kama anayesoma tangazo.

Jumatano, 21 Mei

Joash alicheka sana leo, kwa jambo dogo, kuku aliyeteleza kwenye matope. Nilicheka naye. Kisha akalala mapema.

Jumatatu, 26 Mei

Niko hospitalini. Nimepata nafasi ya kuandika kwa sababu amelala na dripu inaenda vizuri.

Jumamosi, katikati ya mahubiri, mlango wa kanisa ulifunguliwa. Alikuwa Mama Bitutu. Yeye ni Mkatoliki, hajawahi kukanyaga kanisa letu, na alikuwa amekuja mbio kwenye matope mpaka kiatu kimoja kimebaki njiani. Hakutafuta kuniita pembeni. Alisimama palepale akasema kwa Kigusii kwamba Joash ameanguka jikoni mwake na anatapika nyongo.

Nilitoka. Sikumbuki nilivyotoka. Mwenye gari pale alikuwa Dada Gladys peke yake, na kabla sijamwomba alikuwa ameshaliwasha. Tulimkuta Joash amejikunja sakafuni, jasho linamtiririka, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Karibu naye palikuwa na mtungi. Niliinama kumwinua, na harufu ikanipiga usoni. Haikuwa ya uji. Ilikuwa harufu ya gilasi ya Onyiego, lakini yenye makali zaidi.

Barabara ilikuwa tope tupu. Pale kwenye mteremko wa daraja gari lilikwama. Gladys alishuka na nguo yake nyeupe ya Sabato, akaniambia nishike usukani, mimi nisiyejua kuendesha, nikanyage nikiambiwa. Akasukuma yeye, Mama Bitutu na wapita njia wawili. Alipoingia tena alikuwa na matope hadi kidevuni, akaendesha hadi Kisii bila kuyapangusa.

Walipomchukua Joash tulikaa kwenye benchi la korido. Nilitaka kumshukuru, lakini alitangulia.

"Mimi ndiye niliyemwambia Mzee Okemwa kuhusu lile duka," alisema. "Nataka ulijue kutoka kwangu. Na ningeona tena ningesema tena."

Nilitazama matope yakikauka kwenye kola yake. Nilikuwa nimemchukia vizuri kwa wiki nyingi, na sasa hata chuki hiyo siwezi kuishika ipasavyo.

Alhamisi, 29 Mei

Hatari imepita, kwa maneno ya Daktari Linda. Alinieleza bila kunilaumu, na hapo ndipo nilipojilaumu. Kinywaji kile kikinywewa siku kilipopikwa ni uji tu. Kikiachwa siku tatu karibu na moto, ni busaa, pombe kamili. Mtu yeyote wa huku anajua hilo. Mimi pia nalijua. Nililijua tangu utoto, nikaliweka kando kwa kuwa nilikuwa nimechoka kutafuta.

Nilimwuliza Joash alijua lini. Hakuficha.

"Siku ya kwanza kiliponiuma ulimi," alisema. "Nilimwambia mama asimwage kilichobaki. Nikajiambia ni chakula cha nyumbani, hakiwezi kuwa ile pombe anayoisema daktari."

"Na mama?"

"Mama alidhani hivyo hivyo. Usimguse mama."

Nilitoka nje nikasimama penye maegesho. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mamake. Kisha nikakumbuka ile chupa ya kijani, sifuri mbele na mgongoni, niliyoikataza mimi mwenyewe kwa kuwa ilinuka kama bia. Ningemwacha nayo, asingekwenda kwenye mtungi. Au angekwenda. Hakuna wa kuniambia.

Jumapili, 1 Juni

Nimekuja nyumbani kubadilisha nguo. Mama Bitutu amevunja mitungi yote. Vigae vimetapakaa mlangoni mwake na hajavifagia. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno mengi. Nilimkuta ameketi mbele ya moto uliozimwa, mara ya kwanza naona jiko hilo bila moshi. Akasema amemzika mume na nusura amzike mwana, na wote kwa mikono ya watu wanaowapenda. Nilichukua ufagio nikafagia vigae.

Jumatatu, 9 Juni

Joash amerudi nyumbani. Mwepesi kuliko Machi.

Alhamisi, 12 Juni

Ameomba tena. Nilikuwa namkaangia ndizi, akaja mlangoni, akasema kwa sauti ya chini sana, bila kiburi, kwamba anaogopa. Anaogopa jioni. Akasema hatanidanganya tena, lakini hataahidi kushika kikombe cha chai maisha yake yote.

Nilimpigia Daktari Linda. Akasema, "Mimi nilishasema langu. Sifuri kabisa, chupa moja kwa jioni, na akizidisha hamu uniambie siku hiyohiyo."

Nikafunika ndizi, nikavaa buti za mvua, nikaenda kwa Onyiego. Nilimwomba radhi mbele ya wateja wake, kwa kuwa mbele ya wateja wake ndipo nilipomkosea. Akakubali kwa kichwa. Akaniuliza ninataka ipi, zimeongezeka siku hizi, kuna za ndimu, kuna za tangawizi, kuna nyeusi kutoka ng'ambo zenye mkebe mzuri usiofanana na pombe.

Nilizitazama zote. Ile nyeusi ningeweza kuibeba mkononi hadi kanisani na mtu asiulize. Nikasema, "Nipe ile ya kawaida. Ya kijani. Ile inayofanana na bia kabisa."

Jumapili, 15 Juni

Chupa moja, kila jioni. Naisoma mbele na mgongoni kabla sijaifungua. Joash ananicheka lakini anangoja nimalize kusoma.

Jumapili, 22 Juni

Wameniita kwenye kikao leo asubuhi. Mzee Okemwa, Dada Gladys na wengine wawili. Walifungua kwa maombi. Mzee Okemwa alisema watoto wananiulizia, na kanisa limeona nilivyovumilia. Darasa ni langu kuanzia Sabato ijayo. Kuna jambo moja tu. Nyumba ya mwalimu isiwe na chupa za aina ile. Wamesikia nimeonekana nikitoka baa na kreti mchana.

Nikawaeleza lebo. Nikawaeleza alichosema daktari. Mzee mmoja akasema ni yaleyale, kinachofanana na dhambi huzaa dhambi. Nilimtazama Gladys, nikidhani yule aliyesukuma gari atasema kitu. Aliinamisha macho kwenye Biblia yake.

"Mzee Okemwa," nikasema, "mkinipa darasa nami niondoe chupa, nani kati yenu atakuja kukaa na Joash jioni saa kumi na mbili? Mtapokezana?"

Mzee Okemwa alisema kwa upole kwamba uamuzi ni wangu.

Nikasema basi nimeamua. Niliwaachia kitabu cha masomo na picha za kufundishia nilizozichora mwenyewe. Gladys alizipokea.

Nimefika nyumbani saa sita. Joash alikuwa barazani. Nikamsimulia yote, nimesimama, viatu bado vina matope. Akasikiliza hadi mwisho, akasugua shingo, akasema, "Mama Kemunto, ungeniuliza kwanza. Siku hizi hata siitamani sana. Naona chai inaanza kunitosha."

Niliingia ndani nikafunga mlango wa chumba. Nimeandika haya nikiwa nimekaa kitandani. Namsikia anazunguka nje, anakohoa, anakuja hadi mlangoni na kurudi. Abaki huko.

Jumatatu, 30 Juni

Daktari ameandika barua. Joash ameondoka alfajiri kwenda kiwandani, amevaa koti lake la zamani ambalo sasa lingemtosha yeye na mtu mwingine. Mvua imepungua. Saa nne hivi nilisikia lori likipanda mteremko wa kituo cha majani, gia zikibadilishwa bila kukwaruza, wanawake waliokuwa foleni na vikapu wakampigia makofi. Nilitoka kwenye kibanda changu na shati la mtu mkononi, nikasimama hadi lilipopita.

Jioni alirudi na vumbi na matope, akaketi barazani. Sikumwuliza anataka nini. Akaenda mwenyewe, akaleta chupa moja ya kijani, akanipa niisome. Nikaisoma. Akaifungua, akanywa nusu, akanisogezea iliyobaki, akaendelea kunieleza habari za dereva aliyemtunzia lori vibaya.

Ni chungu bado. Sijui watu hupenda nini ndani yake. Lakini imenigharimu darasa zima la watoto, singeweza kuimwaga. Nimeinywa mpaka povu la mwisho.